Rangi ya Kumi na Sita

Oulu, mwanzo wa Februari, saa tisa alasiri,
na jua tayari linaaga
kama mgeni aliyepitia kusalimu tu, hata chai hataki.
Hilkka Pesonen kavaa soksi mbili juu ya mbili.
Kwenye skrini amesimama kaka yake Veikko, tarishi,
urefu vimraba ishirini na vinne,
upana kumi na viwili, mfuko wa barua ukiwemo.

Mashine inatoa rangi kumi na sita. Haikopeshi.
Amezigawa kama mama mwenye kuku mmoja na wageni wengi:
tatu za theluji, nne za koti,
mbili za ngozi, mbili za misonobari,
moja mfuko, moja nywele, moja anga, moja dirisha la posta,
na nyeusi, maana nani aliwahi kuchora bila nyeusi?

Na Veikko amekufa.
Hajaanguka, hajaumwa. Amekufa tu palepale alipochorwa.
Hilkka alikuwa amemzungushia giza pembeni pote,
akamwachia weupe kitovuni,
na mtu wa watu akavimba kama mto wa kulalia.
Koti jekundu alilitilia nyeusi kupata kivuli:
likawa koti jekundu lenye masizi.
Theluji aliitilia kijivu:
ikawa saruji.

Akavaa viatu, akatoka.

Nje, Veikko mwenyewe anakuja akisukuma kigari chake cha barafu,
taa ya barabarani iko kushoto kwake, upande mmoja tu,
na upande mmoja tu wa Veikko ndio unaoijua.
Shavu la kushoto lina manjano ndani yake.
La kulia limeingia zambarau, taratibu, bila kubisha hodi.
Na kivuli chake kilicholala juu ya theluji
si cheusi, wala si kijivu.
Ni buluu.
Buluu ileile ya anga, imeshuka ikajilaza.

"Unanitazama nini?"
"Simama hapohapo."
"Hilkka, nina barua."
"Simama!"

Akarudi mbio, glavu bado mkononi,
akafuta kijivu cha kwanza, akafuta cha pili,
akaichukua buluu ya anga akaitandika chini ya miguu ya tarishi,
na rangi moja ikafanya kazi ya mbili bila kudai mshahara.
Kwenye mikunjo ya koti akaweka ile nyekundu nzito
ambayo sisi tunaiita damu ya mzee.
Kwake yeye haina jina, ni namba saba.
Namba saba ikatosha midomo pia,
ikatosha na gome la msonobari.
Pale mwanga unapokutana na kivuli na hawataki kupeana mikono,
akatia nukta nyekundu, nukta ya saba, nukta nyekundu,
kama ubao wa drafti.
Ukirudi nyuma hatua tatu
unaona rangi ambayo mashine haijawahi kuwa nayo.

Mwisho akaitazama nyeusi.
Ilikuwa haina pa kukaa.
Akaitoa, na hakuna kitu kilichokuwa giza kikapungua giza.

Saa kumi na mbili Veikko akaingia, masharubu yana barafu,
akainama mbele ya skrini, pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
Akanyamaza muda wa kumaliza kikombe kizima.
"Pua," akasema, "pua ni yangu."
Halafu: "Zimebaki rangi?"

Zilibaki. Tatu.

"Basi nitie glavu ya kushoto ya kijani.
Yangu ilidondoka Jumatatu huko darajani.
Hii ni ya mke wangu."

Hilkka akatia vimraba viwili vya kijani.
Akavitazama.
Akaongeza kimoja cha buluu, upande wa kulia,
mahali ambapo taa haifiki.